Wireless Wire ya MikroTik: gigabiti moja hewani kwa wati tano, lakini mnazi haiutaki

Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka aende zake. Kama una nyumba mbili zinazoonana, kati yake mita mia na kitu, na upande mmoja au pande zote mbili zinategemea sola au stima ya kupotea potea, nunua hii kitu. Kama hazionani, au katikati pamesimama mnazi hata mmoja, achana nayo hata ukiuziwa nusu bei, maana hapo hakuna setingi wala fundi wa kukutoa.

Nazungumzia Wireless Wire ya MikroTik, ile jozi ya redio mbili nyeupe zinazokuja kwenye boksi moja zikiwa tayari zimeshajuana, ukizipa stima tu zinatafutana zenyewe. MikroTik ni kampuni ya Latvia, wako Riga, na mafundi wengi wa mitandao huku pwani tumejifunzia kazi kwenye rauta zao kwa hivyo sitajifanya mgeni. Jozi hii ilitoka 2017, bei waliyoipendekeza wakati ule ilikuwa chini kidogo ya dola 200 kwa zote mbili, sasa ukiileta huku weka na usafiri, weka ushuru, weka na faida ya mwenye duka, utajua mwenyewe inafika ngapi. Ndani ni redio mbili za aina ya wAP 60G. Najua si mpya, ina wadogo zake ambao nitawagusa huko chini, ila hii ndiyo naifunga sana na ndiyo naijua.

Kazi nitakayoitolea mfano ni ya Kilifi, nyumba za wageni za shangazi yangu (shangazi wa mtaa, si wa damu, lakini ukimwambia hivyo atakununia wiki nzima). Nyumba kubwa iko upande wa barabarani, hapo ndipo intaneti inapoingia, hapo ndipo ofisi, na kamera zote zinarekodiwa hapo. Vijumba vya wageni viko nyuma ukishuka baharini, mita kama 140 hivi, na kule nyuma waya wa stima haujafika, ni paneli za sola na betri basi. Zamani palikuwa na redio mbili za gigahezi 5 za kampuni ambayo siitaji, na wala ubaya haukuwa wao sana, zilienda vizuri tu mpaka majirani nao wakafunga zao, hoteli ya pili ikafunga zake, wote mnapigana kwenye masafa yale yale, ikawa magharibi wageni wakitoka kuogelea kila mtu ameshika simu na hakuna kinachofunguka. Fiba tuliifikiria, lakini ile ardhi chini ni mwamba wa matumbawe, ukipiga sururu inakurudia mwenyewe.

Sasa watu wakiniuliza kuhusu redio huanza na spidi. Inaenda ngapi? Gigabiti ngapi? Mimi huuliza wati, kwa sababu kule nyuma kwa shangazi spidi haina maana kama saa tisa ya usiku betri imelala na kamera zimezima.

Kampuni inaandika wati 5 kwa juu kabisa kwa redio moja. Niliiweka kwenye kipima wati changu nikaisukumia mzigo wote niliokuwa nao, haikufika tano. Sasa piga hesabu, wati 5 kwa saa 24 ni wati-saa 120. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 20, ile ndogo ambayo unaibeba kwa mkono mmoja, ina wati-saa 256, usiikamue yote, tumia asilimia 80, unabaki na kama 205. Hiyo ni redio kukesha usiku mmoja, ikapita mchana mzima wa mawingu bila jua hata la dawa, na ikakesha usiku wa pili tena na chenji ikabaki. Betri hiyo hiyo ukiichomekea dishi la kawaida la Starlink, ambalo wenyewe wanaandika linakula wati 75 hadi 100, inakaa saa mbili na kitu inakata roho. Hata lile dogo la Mini wanaandika wati 25 hadi 40. Najua si haki kuyalinganisha, dishi lile linaongea na setilaiti iliyo juu kilomita mia kadhaa na hii inaongea na paa la jirani, nimeyataja tu ili uone ukubwa wa namba, na pia kwa sababu shangazi ana dishi hilo mbele kwenye stima ya kudumu na alikuwa ameshaanza kuulizia la pili aliweke nyuma kwenye sola. Nikamwambia shangazi, ukiweka lile huku itabidi ununue paneli kuliko mabati.

Swali linalonichekesha kila siku ni hili, kwamba kwa fizikia yake hii redio ilitakiwa iwe mlafi kuliko wote. Inafanya kazi kwenye gigahezi 60. Ukitoka gigahezi 5 ukapanda mpaka 60, umbali ule ule, antena za aina ile ile, ishara inayofika upande wa pili inapungua zaidi ya mara 100. Juu ya hapo, oksijeni yenyewe hii tunayovuta inanyonya masafa ya 60, kama desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha ishara kupungua) kwa kila kilomita, yaani hata hewa safi ni mwizi. Na amplifaya (vikuza ishara) za masafa ya juu namna hiyo ni ngumu kutengeneza, sehemu kubwa ya stima unayoipa inatoka kama joto badala ya kutoka kama mawimbi. Mtu akikuelezea hivyo bila kukuonyesha kifaa utasema basi hicho kitakuwa na feni na kitachoma mkono. Lakini ukikishika kimepata uvuguvugu tu.

Siri ya kwanza iko kwenye udogo wa wimbi. Wimbi la gigahezi 60 lina urefu wa milimita 5, na antena zikipangwa pamoja huachiana nusu ya wimbi, milimita 2.5. Kwa hivyo kwenye eneo dogo kabisa la bodi unapanga antena kibao, kila moja na amplifaya yake ndogo ndani ya chipu, na hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Chukua antena 16 zinazosukuma kwa mpigo mmoja kuelekea upande mmoja. Stima uliyotumia ni mara 16 ya antena moja, sawa, lakini nguvu inayoonekana mbele, pale zinapolenga, ni mara 256, kwa sababu mawimbi yanajumlishana kwanza halafu nguvu inakuwa mraba wa jumla hiyo. Nguvu haikuzaliwa hewani jamani, imetolewa pande zote za pembeni ikaletwa mbele. Redio za kawaida zinamwaga mawimbi huku na huku mpaka kwa mbuzi, hii haimwagi. Kwa hivyo badala ya amplifaya moja kubwa linalotoa jasho, una vidogo vingi kila kimoja kinatoa milliwati chache, na kazi ya kuvijumlisha inafanywa na hewa bure.

Siri ya pili ndiyo mimi naipenda zaidi na sijaona watu wakiisema sana. Hawa waliotunga kanuni ya 802.11ad, yaani lugha ya redio hizi za gigahezi 60, iliyotoka mwisho wa 2012, walikuwa na kitu ambacho ndugu zetu wa gigahezi 5 hawana, nafasi. Chaneli moja ya hapa ina upana wa gigahezi 2.16, wakati Wi-Fi ya gigahezi 5 ikijitahidi sana inakupa megahezi 80 au 160. Sasa mwenye nafasi ndogo anafanya nini? Anajaza. Wi-Fi 6 inajaza biti 10 kwenye kila mpigo wa ishara, Wi-Fi 7 inajaza 12, yaani mpokeaji anatakiwa atofautishe alama 4,096 zilizobanana. Ili zisichanganyike ishara lazima iwe safi mno, na ili iwe safi amplifaya lazima uishikie breki, uiendeshe chini kabisa ya uwezo wake, na amplifaya iliyoshikiwa breki inakula stima karibu ile ile huku ikitoa mawimbi kidogo, kilichobaki chote joto. Hii ya kwetu haina haja hiyo. Ikiwa kwenye daraja la 8 (daraja ni ngazi ya spidi ambayo redio inajichagulia kulingana na ishara), ambalo ndilo naliona kwenye skrini siku zote hali ikiwa nzuri, inabeba biti 2 tu kwa kila mpigo, alama nne, ila inapiga mipigo bilioni 1.76 kwa sekunde. Ni punda wengi kwenye barabara pana kila mmoja amebeba kidogo, badala ya punda mmoja kichochoroni umembebesha mpaka anapiga magoti. Spidi ya hewani inasoma gigabiti 2.3 kwa sekunde, na amplifaya inaachiwa ifanye kazi karibu na kilele chake pale inapokuwa na faida.

Na hapo hapo ndio inaingia habari ya vibadilishi, yaani ile sehemu inayogeuza wimbi kuwa namba. Kwa spidi hizi vibadilishi ndivyo walafi wakubwa, vinapima ishara mabilioni ya mara kwa sekunde na kila biti moja ya usahihi ukiiongeza ulaji unaweza kuwa mara mbili au zaidi. Kwa alama nne huhitaji usahihi mkubwa, vinatosha vya biti chache. Halafu hawakuweka kibadilishi kwa kila antena, ambayo ingekuwa balaa, wao wanazichelewesha kidogo kidogo ishara za antena zote ziende sambamba, wanazijumlisha kwanza zikiwa bado ni mawimbi, ndio jumla inapelekwa kwenye njia moja tu. Hasara yake ni kwamba kwa wakati mmoja unalenga upande mmoja tu. Kwa nyumba mbili zinazotazamana hiyo si hasara, ndicho ulichokuja kutafuta.

Nimesifu vya kutosha, sasa nilaumu. Wauzaji wa vifaa vya namna hii wanapenda kukutajia nishati kwa kila biti, na kweli namba inapendeza: wati 5 ukigawa kwa gigabiti 1 (hewani ni zaidi, ila poti ya waya inaishia hapo) ni nanojuli 5 kwa kila biti, upande mmoja. Lakini nani kule kwa shangazi anapitisha gigabiti moja saa nzima? Kamera na wageni ukijumlisha mchana kutwa wastani haufiki mbali, tuseme megabiti 20. Redio haijui hilo. Chipu ya ndani ina viini vyake vinne vya hesabu vya megahezi 716 vinazunguka, poti ya gigabiti iko macho, redio inaitana na mwenzake kila saa, na ulaji wa kukaa bure na ulaji wa kufanya kazi havipishani sana. Kwa megabiti 20 zile nanojuli 5 zimekuwa 250. Hili si la kifaa hiki peke yake, ni ugonjwa wa karibu vifaa vyote vya aina hii, vimebuniwa vikiwa na mawazo ya siku ya arusi wakati maisha yao mengi ni siku za kawaida. Simu yako inajua kulala katikati ya pakiti (kifurushi cha data) na pakiti, redio ya juu ya paa haijui. Mbunifu atakayeifundisha redio ya gigahezi 60 kusinzia na kuamka bila kupoteza mwenzake, huyo nitamfuata popote. Mpaka hapo, cha kuangalia ukinunua si nishati kwa biti, angalia inakula ngapi ikiwa haina kazi, na kwa wati nne na kitu hii bado ni ya kupigiwa mfano ukikumbuka spidi iliyo nayo mkononi.

Tuje kwenye stima yenyewe maana hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu. Boksi linakuja na adapta za ukutani, na fundi mvivu atachomeka inveta kwenye betri, adapta kwenye inveta, kazi imekwisha, nipe hela yangu. Inveta ya kilowati moja ikiwa haijabeba kitu inaweza kula wati 10 na zaidi kwa kukaa tu, mara mbili ya redio uliyokuja kuilisha! Umetoa volti 12 ukazipandisha 240 ukazishusha tena 24, kila hatua inakata mlungula wake. Redio hii inakubali chochote kati ya volti 12 na 57 kupitia waya wa mtandao, kwa hivyo ilishe moja kwa moja kutoka betri. Ila usiipe volti 12 kavu. Betri ya asidi ikichoka inashuka mpaka 11 na kitu, ukiongeza na kinachopotea kwenye waya mrefu redio inajizima na kujiwasha usiku kucha na wewe utalaumu masafa. Weka kile kibao kidogo cha saketi cha kupandisha volti mpaka 24, kinauzwa kila duka la vifaa vya sola, ukimaliza mkondo kwenye waya unakuwa nusu na kinachopotea kwenye waya kinakuwa robo. Kibao chenyewe kinakula kidogo chake, lakini ukikilinganisha na inveta ni ndugu wa kambo wa mbali. Siku tuliyoitoa redio kwenye inveta kule nyuma na kuiacha inveta iwake kwa ajili ya feni za wageni tu, taa ya betri ya asubuhi ilibadilika rangi, shangazi akadhani nimemuongezea paneli kwa siri.

Kuifunga ni rahisi kuliko unavyofikiri na hapa nawapa maksi zao. Antena zinaweza kulenga zenyewe ndani ya upana wa nyuzi 60 bila kusogeza kifaa, kwa hivyo huhitaji ule ufundi wa kukaza nati robo mzunguko huku mwenzako anapiga kelele kwenye simu. Unaingia kwenye programu yao, unaandika /interface w60g monitor wlan60-1, na skrini inakuambia kila kitu: daraja la ishara, nguvu iliyopokelewa, umbali mpaka kwa mwenzake kwa mita na desimali zake, na sentensi moja tamu sana inayokuambia bimu, yaani mwale wa mawimbi, imeelekea kushoto nyuzi ngapi na juu nyuzi ngapi. Unasogeza mpaka inasoma katikati. Shangazi alikuwa chini ya ngazi amejishika kiuno.

“Mwanangu, mbona kidogo hivi? Hicho ndicho kitapeleka mtandao mpaka kule?”

“Ndicho hicho shangazi.”

“Na la zamani lilikuwa na dishi kama ungo.”

“La zamani lilikuwa linapigia kelele Kilifi nzima, hili linanong’ona na lile pale tu.”

Akaguna. Shangazi akiguna maana yake tutaonana ikiharibika.

Na iliharibika, kwa namna yake. Siku tuliyofunga upepo ulikuwa umelala, kila kitu daraja la 8, poti ya gigabiti imejaa mpaka juu, megabiti mia tisa na kitu kila ukijaribu, ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) chini ya milisekunde moja. Upepo wa kusi ulipoanza kukaza, mchana mchana mtandao unakatika sekunde mbili, unarudi, unakatika tena. Usiku shwari. Nikakaa na ile skrini nikitazama, ishara inasimama vizuri, halafu ghafla inaanguka yote, si kidogo kidogo, yote, kisha inarudi kama hakuna kilichotokea. Ukiangalia nje kwenye mstari ule hakuna kitu. Ukisubiri upepo uvume unaona: mnazi ulio pembeni, mita kadhaa nje ya mstari, kuti lake moja refu linainama linapita kwenye njia linarudi. Kuti moja! Lenye maji ndani yake, kwa milimita 5 za wimbi lile ni ukuta. Mkwezi alipanda akashusha yale makuti ya upande ule na madafu kadhaa tukanywa, na tangu hapo hakuna kukatika, ila mnazi unaota kuti jipya kila mwezi kwa hivyo hii ni kazi ya kurudia, kaa ukijua. Wanaoishi kwenye miembe mikubwa hata msijisumbue.

Mvua. Kila mtu anauliza mvua, na watu wa bara wanatishana kweli kweli. Mvua kubwa ya masika huku, ile ya milimita 100 kwa saa ambayo huoni nyumba ya pili, inakula kama desibeli 29 kwa kilomita kwenye masafa haya. Inatisha eh? Lakini sisi hatuna kilomita, tuna mita 140, kwa hivyo ni desibeli 4 hivi, na oksijeni inachukua 2 zake, na redio ina akiba ya kuzidi hapo. Ninachokiona mvua ikipiga ni daraja kushuka, kutoka 8 hadi 6 au 5, spidi inapungua, hakuna mgeni anayejua. Kampuni inasema mita 200. Mimi kwa mvua za pwani sitamfungia mtu zaidi ya 150 kwa hizi ndogo nikalala usingizi. Na hili la oksijeni ukilitazama kwa upande wa pili ni zawadi, kwa sababu mawimbi ya jirani nayo yanaliwa njiani hayakufikii wewe, na bimu ni nyembamba, na ukuta wa matumbawe hauyapitishi mawimbi hayo hata kidogo. Pale Kilifi masafa ya gigahezi 60 ni kimya. Hiyo ndiyo iliyomaliza shida ya magharibi, kuliko hata hiyo gigabiti yenyewe.

Chumvi ya bahari niseme kidogo tu: plastiki inavumilia, waya na kichwa chake ndivyo vinavyokufa. Tumia waya wa nje wa shaba tupu, si ule wa alumini uliopakwa shaba ambao maduka mengi wanakuuzia kwa sura ya usoni, acha kipindo cha waya chini ya redio maji yadondokee hapo, paka grisi ya umeme kwenye poti. Chuma cha kushikilia usitumie cha kawaida, kitakuwa chekundu kabla ya mwaka, na nguzo ikilegea bimu inatoka.

Kitu kingine, na usicheke, kuna watu wamenunua hii kwangu wakidhani ni Wi-Fi. Simu yako haiioni. Haiwezi kuiona. Hii ni waya uliotolewa nyama ukabaki hewa, kama jina lake linavyosema, upande wa pili bado unahitaji rauta ya kawaida ya kuwasambazia wageni, na rauta hiyo nayo inakula wati zake, mara nyingi kuliko hii, kwa hivyo usipige hesabu ya betri ukaisahau.

Kuhusu wadogo zake. Ile ya dishi, LHG 60, ni redio ya ukoo huu huu ikiwa na sahani ya kukusanya mawimbi, inakwenda mbali zaidi, kwa mwenye mita mia tatu nne huko ningemwambia aangalie hiyo. Halafu kuna Cube 60Pro ac, imetoka baadaye, inatumia kanuni mpya ya 802.11ay na ndani ina redio ya pili ya gigahezi 5 inayoshika mtandao mvua ikizidi. Redio mbili ni walaji wawili lakini, kwa hivyo kwa mtu wa sola umbali mfupi sioni kwa nini ulipe kwa wati ili ujilinde na mvua ambayo mita 140 hazijali. Kwa hoteli yenye stima ya uhakika na mbali kidogo, chukua hiyo usifikirie mara mbili.

Shangazi sasa anataka kuunganisha na nyumba ya tatu, ile ya pembeni kwa upande wa mikorosho. Nimemwambia asikimbilie jozi nyingine, maana hizi za boksi ni za mmoja kwa mmoja, hazikubali mtu wa tatu kwenye mazungumzo, utaishia kuwa na redio mbili pale nyumba kubwa zinazokula mara mbili. Kuna ile wAP 60Gx3 AP yao inayofunika nyuzi 180 na kupokea wateja kadhaa kwa pamoja, moja hiyo mbele, moja ndogo kila nyumba nyuma, hiyo ndiyo ramani niliyomchorea kwenye karatasi ya bahasha. Lakini kwanza ile mikorosho. Nimesimama kwenye paa la tatu nikaangalia, kati yake na nyumba kubwa mti mmoja umekaa katikati kabisa, na shangazi hataki kuukata, anasema ulipandwa na babake. Kwa hivyo hapo huenda tukapitishia kwenye paa la vijumba vya wageni badala ya moja kwa moja, jambo ambalo ni redio moja zaidi, wati tano zaidi, na hiyo betri ya ampea-saa 20 lazima ipate mwenzake.